Mazoezi ya nyumbani ya kuongozwa kwa mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu ninaowaongoza mazoezi kwa simu na video. Mengine huulizwa siku ya kwanza. Mengine huja baada ya mwezi, kwa aibu kidogo, mtu akiwa karibu kukata simu. Majibu ni ya jumla. Anayekujua wewe na maradhi yako ana haki ya kuyabadilisha.

## Mambo ya msingi

Mazoezi ya kuongozwa kwa mbali ni nini hasa?

Ni mazoezi unayofanya kwako nyumbani huku mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi wa utengemao (kumrudishia mtu uwezo wa mwili baada ya ugonjwa au jeraha) au mkufunzi aliyesomea kazi hiyo akikufuatilia kutoka mahali pengine. Anaweza kuwa nawe moja kwa moja kwa video, anaweza kukupigia simu ya kawaida, au anakupangia ratiba, unaifanya peke yako na kuandika ulichofanya, kisha anapitia daftari lako kila wiki. Watu wengi huishia kuchanganya njia hizi: video mara moja kwa wiki, siku nyingine daftari.

Kuna tofauti gani na kufuata video za mazoezi zilizojaa mtandaoni?

Video inakuonyesha, lakini haikuoni.

Nilimwongoza mama mmoja aliyekuwa akiinuka kitini na kuketi tena mara kumi, kila siku, kwa mwezi mzima. Alikuwa anahesabu vizuri na hakuruka hata siku moja, lakini kupanda ngazi kulikuwa kugumu vilevile. Nikamwomba, "Mama, hebu iweke simu ubavuni mwako, isikutazame usoni." Hapo ndipo nikaona: mkono wa kushoto ulikuwa unasukuma paja kila alipoinuka, na goti la kulia lilikuwa linaingia ndani. Mguu mmoja ulikuwa unafanya kazi ya miwili. Tukapandisha kiti kwa mto mgumu, mikono ikakunjwa kifuani, na badala ya kumi akafanya sita. Alinuna kidogo, maana kumi ilikuwa fahari yake. Ila zile sita zilikuwa zake kweli, na kupanda ngazi kukaanza kuwa rahisi wiki chache baadaye.

Unachohitaji kwa mwongozaji ni jicho la kuona hivyo na mamlaka ya kubadilisha mpango. Kama unayemlipa anakutumia video zilezile anazomtumia kila mtu na hakuulizi kitu, basi huna mwongozaji.

Yanafaa sawa na kwenda kituoni?

Kwa mambo kadhaa, ndiyo. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha utengemao wa wagonjwa wa moyo nyumbani na ule wa vituoni yalikuta matokeo yanakaribiana, kwa upande wa uwezo wa mwili na pia ubora wa maisha. Mfano mwingine ni mpango wa Otago wa New Zealand, ulioanzishwa kwa ajili ya wazee katika miaka ya 1990: mazoezi ya nguvu na mizani (kusimama na kutembea bila kuyumba) yanafanyika nyumbani, mtaalamu anatembelea mara chache, na katikati anapiga simu. Ulipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35.

Yasiyowezekana kwa mbali ni yale yanayohitaji mikono: kukandwa kiungo kilichokakamaa, kupimwa ulegevu wa kano, kushikwa unapojifunza kutembea siku za kwanza baada ya kiharusi. Hayo yanahitaji mtu awe kando yako.

Nifanye kiasi gani kwa wiki?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Walio na miaka 65 na zaidi huongezewa mazoezi ya mizani na nguvu siku 3 au zaidi.

Namba hizo huwatisha watu. Kuna jambo dogo katika mwongozo huo ambalo wengi hawalijui: sharti la zamani kwamba zoezi lisipofika dakika 10 mfululizo halihesabiki liliondolewa. Dakika tatu za kupanda ngazi zinaingia kwenye hesabu. Anayeanza kutoka sifuri aanze na dakika tano, na asione haya.

## Kabla ya kuanza

Lazima nimwone daktari kwanza?

Si kila mtu. Kama afya yako ni ya kawaida na unaanza na kutembea taratibu na mazoezi ya kitini, anza. Mwone daktari kwanza kama unapata maumivu ya kifua, umewahi kuzimia, unahema ukiwa umekaa tu, presha yako ikipimwa umetulia inafika 180/110, au umetoka karibuni kwenye upasuaji, kiharusi au mshtuko wa moyo. Mwongozaji mzuri atakuuliza haya yote kabla hajakuambia uinue hata mkono. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Atanipimaje wakati hanigusi?

Kwa vipimo vinavyotaka kiti, saa na nafasi kidogo. Kimoja ni kuinuka na kuketi kwa sekunde 30 huku mikono imekunjwa kifuani, mwongozaji akihesabu mara ngapi. Kingine ni kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Mzee anayechukua sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka. Kuna pia kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta.

Vipimo vya mizani usivifanye peke yako mara ya kwanza. Awepo mtu chumbani, na asimame upande wako dhaifu. Watu wa nyumbani hupenda kusimama kando ya simu ili nao waonekane.

Nahitaji vifaa gani?

Kiti kisicho na magurudumu kilichoegemezwa ukutani. Ukuta wenyewe. Chupa ya maji ya lita moja, ambayo ina uzito wa kilo moja na kidogo. Baadaye mkanda wa mpira wa kuvuta, ambao kila unapoutumia uukague kwanza kama una mpasuko, maana ukikatika unarudi usoni. Viatu visivyoteleza, au miguu mitupu kama mwongozaji amekubali. Soksi peke yake kwenye sakafu laini, hapana. Mkeka unaokunjamana pembeni nao uondoe.

Chumba changu ni kidogo sana.

Mahali pa kunyoosha mikono bila kugusa kitu panatosha.

## Simu, kamera na mtandao

Simu niiweke wapi?

Mbali kuliko unavyodhani. Karibu kila mtu mwanzoni huishika au kuiegemeza karibu, nami naona kidevu na dari. Iweke umbali wa mita mbili hadi tatu, kwenye urefu wa kiuno, iegemee kitu kizito, nawe uonekane kuanzia utosi hadi nyayo. Nyayo ni muhimu: kisigino kinachonyanyuka unapochuchumaa kinanieleza habari za kifundo, goti na nyonga kwa pamoja.

Upande nao una maana. Kwa kuchuchumaa, kuinuka kitini na pushapu za ukutani, kaa ubavu kwa kamera. Kwa kusimama mguu mmoja au kuona kama magoti yanaingia ndani, itazame. Dirisha lisiwe nyuma yako, utageuka kivuli. Na nguo ya juu iwe inayobana kidogo au ichomekwe, kwa sababu chini ya shati pana siuoni mgongo wako.

Mtandao wangu unakatikakatika. Nifanyeje?

Zima picha, baki na sauti, hesabu kwa sauti ili mwongozaji asikie kasi na pumzi yako. Kumsikia mtu anahema kunaeleza mengi. Njia nyingine ni kujirekodi sekunde thelathini za zoezi moja na kulituma mtandao ukitulia. Binafsi huwa napenda video hizo fupi kuliko kikao cha moja kwa moja chenye kukwama, kwa kuwa naweza kuirudia mara tano nikitazama bega peke yake.

Kabla ya kila kikao mkubaliane: ukikatika, nani anampigia nani. Wote wawili mkipigiana kwa pamoja, mtapishana dakika kumi.

Sina simu janja. Basi tena?

Hapana. Simu ya kawaida, karatasi yenye michoro na daftari vinatosha kwa mazoezi mengi, na mpango wa Otago uliotajwa juu ulitegemea simu za kawaida kati ya ziara. Kikao cha kwanza tu ndicho ningetaka kionekane, hata kwa simu ya mtoto wako au jirani.

Video zangu zinaonwa na nani?

Uliza kabla, na udai jibu la wazi: zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, nani mwingine anaziona. Kurekodi kikao bila ruhusa yako ni kosa. Nawe tazama kinachoonekana nyuma yako, na waambie wa nyumbani kwamba kamera iko wazi.

## Wakati wa mazoezi

Nitajuaje kama nafanya kwa kasi inayotosha?

Jaribu kuongea. Kwenye mazoezi ya wastani unaweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Kwenye makali unatoa maneno machache, kisha unatafuta pumzi. Pia mwongozaji atakuuliza ugumu kwa namba kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni kukaa tu na 10 ni nguvu zako zote. Wastani ni 5 au 6, makali ni 7 au 8. Toa namba ya kweli. Wengi hutaja 4 wakitaka kusifiwa, na kesho yake wanaongezewa.

Kwa wanaotumia dawa za moyo au presha za kundi la beta bloka, kama atenolol au bisoprolol, saa janja itawadanganya. Dawa hizo huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo mtu anaweza kuwa hoi huku saa inasema bado amepoa. Wao wafuate pumzi na ile namba.

Kuumwa ni kawaida?

Misuli kuuma pande zote mbili, kuanzia kesho yake na kuzidi siku ya pili au ya tatu, ni kawaida kwa anayeanza au aliyeongezewa zoezi jipya. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo, ya upande mmoja, yanayokuja palepale au yanayoambatana na uvimbe, si hayo. Acha zoezi hilo na umwambie mwongozaji siku hiyohiyo.

Dalili gani zinasema nisimame mara moja?

Kifua kubana au maumivu yanayopanda taya na mkono. Kizunguzungu cha kutaka kuanguka. Moyo kwenda mbio ovyo na kutotulia ukikaa. Kukosa pumzi kusikolingana na kazi uliyofanya. Udhaifu wa ghafla wa uso, mkono au mguu wa upande mmoja, au ulimi kuwa mzito. Kwa hizi usimpigie mwongozaji kwanza. Piga namba ya dharura au ukimbizwe hospitali, yeye ataarifiwa baadaye.

Itakuwaje nikianguka na yeye yuko mbali?

Hili lipangwe kabla, si siku yenyewe. Mwanzoni mwa kila kikao mimi huuliza: uko wapi leo, nani yuko karibu, na mlango umefungwa kwa ndani? Ni maswali ya kuchosha, na watu hucheka. Lakini siku moja mzee mmoja aliteleza tukiwa kwenye video. Hakuumia, ila hakuweza kuinuka, na simu ilikuwa juu ya kabati. Nilikuwa na namba ya binti yake aliyekuwa uani, na mlango ulikuwa wazi. Mambo mawili hayo ndiyo yaliyosaidia.

## Ukiwa na maradhi

Nina presha. Niepuke nini?

Usibane pumzi unaponyanyua au kusukuma kitu. Toa pumzi wakati wa kazi ngumu, vuta unaporudi. Usiinuke ghafla kutoka sakafuni. Kiwango cha kuahirisha kimetajwa kwenye swali la kumwona daktari.

Nina kisukari na natumia insulini.

Pima sukari kabla. Ukiwa chini ya 5.0 mmol/L, yaani 90 mg/dL, kula kitu cha wanga kwanza usubiri ipande. Ukizidi 13.9 mmol/L, yaani 250 mg/dL, na kipimo kikaonyesha ketoni (tindikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini), siku hiyo usifanye. Sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya mazoezi, hata usiku ukiwa umelala, kwa hiyo aliyefanya mazoezi jioni apime kabla ya kulala. Usichome sindano kwenye paja utakalolifanyisha kazi muda mfupi baadaye. Na kagua nyayo zako kila siku. Kidonda usichokihisi kinaweza kuanzia kwenye kiatu cha mazoezi.

Nina ugonjwa wa mapafu, nahema upesi.

Mazoezi ni sehemu ya tiba yako, ingawa mwili unakuambia ukae. Vuta pumzi kwa pua, itoe taratibu kupitia midomo uliyoikunja, kama unayumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima. Fanya kwa vipande: dakika moja kazi, dakika moja pumziko.

Kama unatumia kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, fahamu kwamba husoma vibaya kidole kikiwa baridi au kikiwa na rangi ya kucha, na kwa ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Mkubaliane namba ya kusimama, lakini ukijisikia vibaya simama hata kama kifaa kinasema uko sawa.

Goti langu limelika. Mazoezi si yatalimaliza?

Woga huu ndio unaowaweka wengi kitandani. Misuli ya paja ikidhoofika, goti hubeba mzigo zaidi. Kanuni ninayoitumia: maumivu hadi 5 kati ya 10 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho asubuhi goti liwe limerudi hali yake ya kawaida. Likiamka limevimba, punguza nusu, usiache.

Mimi ni mjamzito.

Kama mimba haina matatizo, lengo ni zilezile dakika 150 za wastani kwa wiki. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, mazoezi ya kulala chali hubadilishwa yawe ya ubavu au ya kukaa. Damu, maji kutoka au tumbo kukaza kwa maumivu ni sababu za kusimama na kwenda kliniki.

Niko kwenye matibabu ya saratani na nimechoka mno.

Mazoezi mepesi ni miongoni mwa vitu vinavyopunguza uchovu huo, ingawa inasikika kinyume. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 889 waliomaliza matibabu ya saratani ya utumbo mpana. Wale walioongozwa mazoezi kwa miaka 3, ana kwa ana au kwa mbali, walikaa bila saratani kurudi zaidi ya wale waliopewa vijitabu vya elimu ya afya tu. Vijitabu na mtu wa kukufuatilia si kitu kimoja. Kinga ya mwili ikishuka, au saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, mpango upitiwe kwanza na daktari wako.

## Kuendelea

Huwa naanza vizuri, wiki ya tatu naacha.

Wiki ya tatu ina ubaya wake: ugeni umeisha na mabadiliko bado hayaonekani kwenye kioo. Lakini nguvu za awali huja kwa neva kujifunza kuiamrisha misuli, kabla misuli haijanenepa, kwa hiyo tafuta dalili kwenye kazi: ndoo imekuwa nyepesi? Umeinuka bila kushika meza?

Na mwambie mwongozaji ukweli. Daftari lililojazwa lote kwa kalamu moja usiku wa kuamkia kikao tunalitambua. Ukiandika "sikufanya" mara tatu, napata cha kurekebisha: labda saa uliyoichagua haifai, labda zoezi moja unalichukia. Hakuna zoezi lisilo na mbadala.

Huo "ubora wa maisha" unapimwaje?

Kwa kukuuliza wewe. Dodoso moja linalotumika sana, EQ-5D, linauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha unajipa alama ya afya yako leo kati ya 0 na 100. Jaza mwanzoni na tena baada ya miezi mitatu. Nimeona watu ambao kilo hazikupungua hata moja, lakini alama ilipanda kwa sababu wameanza tena kuoga bila kusaidiwa. Kwangu hayo ni matokeo makubwa kuliko mizani.

Niliugua, nimekosa wiki mbili. Naanzia wapi?

Si ulipoishia. Anza na karibu nusu ya idadi, uongeze kila kikao kama kesho yake uko sawa. Kama baada ya ugonjwa uchovu hauishi, soma swali linalofuata kwanza.

## Hali zisizo za kawaida

Kila nikifanya mazoezi, naanguka kitandani siku mbili.

Simama. Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi. Huu unaokuja saa kadhaa au kesho yake, pamoja na kichwa kuwa kizito na mwili kuuma, baada ya kazi ndogo tu, ni hali nyingine. Huonekana kwa watu wenye ugonjwa wa uchovu sugu na baadhi ya waliougua UVIKO-19 muda mrefu. Kuwaongezea mazoezi kidogo kidogo kila wiki kunaweza kuwazidishia. Mwaka 2021 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, iliacha kupendekeza njia hiyo kwa ugonjwa wa uchovu sugu. Mwongozaji anayekuambia "jikaze tu" hapa anakosea. Kinachofaa ni kugawa nguvu ulizonazo na kupumzika kabla hujachoka.

Baba yangu anasahau sana. Anaweza kuongozwa kwa mbali?

Anaweza, ukiwa naye. Mwongozaji atazungumza nawe zaidi, na wewe utafanya zoezi mbele yake naye akufuate. Maelekezo yawe mafupi, moja kwa wakati, saa ileile, kiti kilekile. Usimsahihishe kila hatua. Akipiga hatua kwa mguu usio sahihi huku akicheka, mwache.

Mwongozaji na daktari wananipa maelekezo yanayopingana.

Usichague unayempenda. Mwambie kila mmoja alichosema mwenzake, ikiwezekana kwa maandishi, na wakati unasubiri fuata lile lenye tahadhari zaidi. Mara nyingi mmoja wao hana habari fulani, kama dawa mpya au picha ya eksirei ya karibuni.

Jirani yangu ana mgongo kama wangu. Nimpe karatasi yangu ya mazoezi?

Usimpe. Mgongo unaouma kwa kuinama na unaouma kwa kusimama muda mrefu vinaweza kutaka mazoezi tofauti kabisa, na mwenye mifupa dhaifu hapaswi kukunja mgongo akiwa amebeba kitu kizito. Mpe namba ya mwongozaji wako.